Kisu Kinachoitika

Habari ya kifo cha Che Liponda niliipata Lindi, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akiuza ming'oko, viazi vya porini, iliyochemshwa, kwenye ungo. Nilikuwa nimetoka Kilwa na nilikuwa naelekea kwingine, kama ilivyo desturi yangu, maana tangu ujana sijapata kukaa mahali hata mbwa wa hapo wakaacha kunibwekea. Nilinunua fungu moja, nikatoa kisu changu cha kukunja, nikawa namenya na kula nimesimama pale pale, na nilipomaliza nikakipangusa kwenye suruali na kukifunga. Kiliitika. Yule mwanamke, ambaye muda wote hakuwa amenitazama zaidi ya mkono uliompa sarafu, aliinua uso ghafla. "Hicho cha Liponda," alisema, wala hakuwa anauliza. Nilimjibu kwamba ndiyo, nilikipokea Newala kwa fundi mwenyewe. "Basi kitunze, baba. Mwenyewe hayupo tena. Tulimzika mvua za kwanza zilipoanza." Nikamuuliza habari za mkewe. Akasema mama yupo, amekaa eda, macho hayaoni vizuri lakini masikio ni yale yale. Kisha akarudi kwenye ming'oko yake. Mimi nilibaki nimeshika kisu kilichofungwa, na basi nililokuwa nikilisubiri lilipokuja sikulipanda. Nilitafuta la kwenda Newala.

Niliishi nyumbani kwa Che Liponda mwaka mmoja tu, na nimeishi miaka mingi mahali pengine pengi, lakini nikiota nyumba, huwa ni ile. Mwingereza alikuwa bado anatawala. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na nimepata kazi ya ukarani katika ghala la mnunuzi wa korosho, kazi ya kutazama mizani na kubishana na wakulima juu ya unyevu wa gunia. Nilihitaji chumba, nikaelekezwa kwa mhunzi Myao aliyehamia pale juu ya uwanda wa Makonde zamani akaoa hapo hapo. Watu wote walimwita Che, ambayo kwa Wayao ni heshima kama kusema Bwana. Mkewe aliitwa Mama Bakari. Alinifungulia chumba cha pembeni, kilichokuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo lililotazama jikoni, na misumari miwili ukutani. Kwenye msumari mmoja kulikuwa na shati jeupe lenye mistari ya buluu, limefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa, mabega yake yamechongoka kwa kutundikwa muda mrefu. "Hilo shati usilisogeze," aliniambia. "Wewe lako tundika huo mwingine." Nilimwuliza la nani. "La mwenye chumba," alisema, na akaenda kuchungulia sufuria.

Mwenye chumba alikuwa Bakari, mtoto wao wa pekee. Alikuwa ameandikishwa kwenda kukata mkonge huko Tanga, kama vijana wengi wa kwetu, na wenzake walioondoka naye walikuwa wamekwisha kurudi na baiskeli na mablanketi, yeye hakurudi. Hakuna aliyekuwa na habari zake. Nililala kwenye kitanda chake nikitazama shati lake mwaka mzima. Mwanzoni nilidhani nitalizoea. Asubuhi, mwanga ulipoanza kuingia, shati ndilo lililoonekana kwanza, kabla ya ukuta wenyewe, na nilikuwa najikuta nimejisogeza pembeni ya kitanda kama mtu anayempisha mwenzake.

Kiwanda cha Che Liponda kilikuwa kibanda cha makuti nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni, kiasi kwamba moshi wa makaa yake na moshi wa kuni za mkewe ulikutana njiani. Alifua majembe na mashoka kama wahunzi wengine, lakini watu hawakupanda mteremko kutoka Masasi au kuvuka Ruvuma kwa ajili ya majembe. Walikuja kwa ajili ya visu vya kukunja. Chuma alikipata kwenye springi za malori na matrekta mabovu yaliyoletwa kutoka Nachingwea, mpini aliufanya kwa mpingo aliopewa na wachongaji, na mgongoni mwa mpini aliweka ulimi wa chuma uliokamata kisu kikiwa wazi na kukirudisha kwa nguvu kikifungwa. Nilizoea kukaa pale siku za Jumapili, ghala likiwa limefungwa, nikisikiliza wateja wakisifu. Kila mmoja alisifu lake. Mchongaji alisema kisu cha Liponda hakimkunjii mtu vidole, hata ukikandamiza kwenye mpingo mkavu. Wanawake walioshuka bondeni kuchota maji walisema kinakaa kwenye pindo la kanga mpaka chini na mpaka juu tena, mtungi kichwani, wala hakimchomi mtu kiunoni. Mkunga alisema kikichemshwa hakipandi kutu, na zaidi ya hapo hakusema, kwa sababu kulikuwa na wanaume. Palikuwa pia na mzee mmoja Mmakonde, mwenye chale za kale usoni na mkono mmoja tu, wa pili aliuacha kwenye vita vya wazungu. Yeye alichongewa kisu chenye kipengele cha kuwekea kidole gumba ili akifungue bila kusaidiwa. "Mke wangu hunifunga vifungo vya shati," alipenda kusema. "Mjukuu hunifunga kamba za viatu. Muhogo namenya mwenyewe. Huyu Myao amenirudishia uanaume wangu, japo ni kwenye muhogo tu."

Lakini jambo walilolisifu wote, na ambalo kwa hakika ndilo walilolifuata, lilikuwa sauti. Kisu cha Liponda kilipofungwa kilitoa mlio mmoja mkavu, mfupi, usiofanana na wa kisu cha dukani, ambacho hulia kama kopo. Watu walisema kinaitika. Mteja hakutazama makali kwanza. Alikifungua, akakifunga karibu na sikio, akatabasamu. "Kimeitika." Che Liponda naye hakumpa mteja kisu mkononi. Kwa kawaida ya kule, mkipokezana kisu mkono kwa mkono mmepokezana ugomvi; hukiweka chini, mwenzio akakiokota. Alikiweka kwenye kigoda kikiwa kimefungwa, na mteja alipokiokota alimwambia maneno yale yale kila mara: kikilegea, kirudishe, nitakikaza bure, hata kama umekinunua kwa mtu mwingine, hata kama umekiokota njiani. Na kama mteja alikuwa msafiri aliongeza: "Ukifika penye watu wengi, kifunge wasikie."

Wateja walipenda sana ahadi ile. Walisema huyo ndiye fundi mwenye imani, anayeijali kazi yake hata ikiwa mikononi mwa mwizi. Mimi nami nilimsifu hivyo hivyo, mpaka siku moja tukiwa tunakula. Ulikuwa ugali wa muhogo na mbaazi, na Che Liponda alikuwa amekaa na kisu alichokuwa akikijaribu, akakifunga bila kufikiri. Jikoni Mama Bakari akaita, "Nani?" Che Liponda akajibu, "Ni mimi." Kimya kidogo, kisha sauti ya mwiko ikaendelea kwenye sufuria. Nikakumbuka kwamba nilikwisha kulisikia "Nani?" hilo mara nyingi, na kila mara kisu kilikuwa kimefungwa. Nilipomtazama, Che Liponda alinieleza kwa sauti ya chini huku akimega ugali. Bakari alikuwa na kisu, cha kwanza cha aina ile ambacho baba yake alikitengeneza. Tangu akiwa kijana mdogo hakupiga hodi nyumbani kwao. Alisimama mlangoni akakifunga kisu, na mama yake aliyejua vizuri kabisa ni nani alimwuliza "Nani?" ili wacheke. "Kisu kile alikwenda nacho," alisema. "Mpini wake una kipande cha shaba mwishoni, maana alikiangusha kikapasuka nikakitia kiraka. Chuma hakifi upesi, Karani. Kitalegea siku moja, na popote kilipo, mtu atakayekuwa nacho atasikia kwamba kuna mzee Newala anayekaza bure." Akala tonge lake. Tangu siku hiyo kila mteja aliyeingia kibandani na kisu kilicholegea, nilikuwa namtazama mikono kabla ya uso.

Kililetwa Jumapili moja wakati mikorosho inachanua. Aliyekileta alikuwa Mmakua wa upande wa Lupaso, kule chini Masasi, Mkristo, mtu mrefu mwenye kicheko cha karibu, jina lake Danieli. Wamakua wakisema Kiswahili, sauti nzito kama b na d na g huwatoka nyepesi, na pale kibandani utani juu ya jambo hilo haukuisha.

"Shikamoo, papa," Danieli alimwamkia Che Liponda.

"Marahaba."

"Papa?" mzee wa mkono mmoja alidakia. "Mmakua, huku juu hakuna papa. Mfuate Mikindani baharini."

"Nitamfuata, mzee. Papa hana mkono hata mmoja na anakula watu. Wewe unao mmoja na unakula mihoko tu."

Kibanda kizima kilicheka, na mzee mwenyewe alicheka zaidi mpaka akajishika mbavu. Danieli alikuwa bado anacheka alipokiweka kisu chake kwenye kigoda. "Kimelekea, papa. Nimeampiwa hapa mnakaza pure." Mpini ulikuwa mweusi, umeng'aa kwa kushikwa, na mwishoni kulikuwa na kipande cha shaba.

Che Liponda hakukiokota mara moja. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kila kidole. Kisha akakichukua, akakifungua, akakiinua sikioni, akakifunga. Mlio wake ulikuwa mlegevu, wa kizee, lakini ulikuwa mlio ule. Kutoka jikoni Mama Bakari aliita, "Nani?" Hakuna aliyemjibu.

"Umekipata wapi?"

"Tanka, papa, kwenye mkonke. Nilipewa na mwenyewe."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe alikoma."

Sote tulilisikia neno hilo, na kwetu mtu aliyekoma ni mtu aliyefikia mwisho wake. Che Liponda aliuliza lini, na Danieli akasema kiangazi cha mwaka juzi. "Si yeye peke yake. Walikoma wenki, karibu kampi yote. Mimi nilikuwa nimeumia mkuu, nimelazwa, ntiyo nikapona. Alikuja akaniwekea hiki chini ya kitanta, akaniampia, kitunze." Alikuwa na haya ya mtu anayeona amegusa jambo asilolijua. Che Liponda hakumwambia kwamba huyo mwenyewe alikuwa mwanawe. Aliketi mbele ya fuawe, akakigonga kile kisu polepole, akatia mafuta, akakijaribu mpaka kikaitika kama kipya. Kisha akakiweka kwenye kigoda. Danieli akakiokota, akashukuru, akaenda zake kuteremka Masasi.

Mama Bakari alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga, akakuta wateja wakiondoka mmoja mmoja bila kuaga. Che Liponda alimwambia mambo yote kwa Kimakonde, kwa maneno machache. Mama hakulia. Alisema kwa Kiswahili, labda ili mimi nami nishuhudie: "Umekuwa nacho mkononi. Ukamrudishia mgeni mwanangu akaondoka naye?"

"Nimemrudishia mteja kisu chake," alisema Che Liponda. "Nilikuwa nimeahidi."

Wakamsomea Bakari hitima. Mwalimu wa madrasa aliongoza sala ya maiti asiyekuwepo, watu wakajaa uani mpaka kwenye mikorosho, na wateja wa Che Liponda walileta mbuzi na mchele na maji, ambayo kwa Newala ya siku zile yalikuwa zawadi kubwa kuliko mbuzi. Mama Bakari alipika ubwabwa pamoja na wanawake wengine lakini hakukaa nao kwenye jamvi la waliofiwa. Kila walipomvuta akae, alisimama kwenda kuchochea moto. Siku ya arobaini, kama ilivyo desturi, nguo za marehemu ziligawiwa. Zilikuwa chache, kwa sababu nyingine alikuwa amekwenda nazo. Che Liponda aliingia chumbani kwangu mwenyewe, akalitoa shati msumarini, akanikabidhi. "Vaa," aliniambia. "Nguo isiyovaliwa humla mwenyewe." Nilimtazama Mama Bakari aliyesimama mlangoni. Alikuwa akiutazama msumari.

Basi nililivaa. Lilinikaa sawa, na hilo ndilo lililonisumbua. Che Liponda alianza kulala usingizi wa mchana, jambo ambalo hakulifanya hapo awali, na alinenepa kidogo, akawa mpole, akawa anasimulia habari za utoto wa Bakari bila sauti yake kukwama. Nilifurahi kwa ajili yake. Lakini wateja walianza kuondoka na nyuso za mashaka. Mchongaji alikifunga kisu kipya karibu na sikio mara nyingi, akakitikisa, akakifunga tena. "Kizuri," alisema, "kinakata. Ila kimekuwa bubu." Mzee wa mkono mmoja naye alisema hivyo, na mkunga naye. Chuma kilikuwa kile kile, mpingo ule ule, nyundo ile ile. Kisu kilifunguka na kufunga kama inavyotakiwa, lakini kilifunga kimya, kama mlango wa nyumba ya matajiri. Che Liponda mwenyewe hakuona tofauti. Alipomaliza kisu alikifunga akakiweka kigodani bila kukiinua sikioni. Kule jikoni hakuna aliyeuliza neno.

Korosho zilipoiva nilikuwa nikiteremka na lori la ghala kupeleka magunia Masasi, na kurudi na chumvi na vitambaa. Safari moja, lori lilisimama tulipokuwa tunaanza kuupanda mteremko wa kurudi Newala. Injini ilinguruma, ikakohoa, ikakataa. Dereva aliingia chini yake, nami nikakaa kivulini mwa jabali kula embe bivu, na watu wa vijiji vya karibu wakaja kutazama, kama ilivyokuwa lazima enzi zile lori likiharibika. Mmoja wao alikuwa Danieli.

"Karani wa Newala!" alinipigia kelele. "Lori lako limekoma?"

"Halijafa, ndugu yangu. Linapumzika."

"Nani kasema limekufa? Nimesema limekoma. Limekataa kupanta."

"Limegoma."

"Ntiyo hivyo. Limekoma."

Dereva alicheka kutoka chini ya lori. Mimi niliweka embe chini. Huko kwetu juu neno kugoma lilikuwa bado ni geni; wachache tulilisoma gazetini, na wengine wote walijua ngoma ya kucheza tu. Kukoma tulilijua sote. Nilisimama nikamkaribia Danieli, nikamwuliza, na nilipouliza nikaona upumbavu wa swali langu mbele ya mtu ambaye kinywani mwake maneno hayo mawili ni moja. "Yule kijana aliyekupa kisu kule Tanga. Alikoma, au aligoma?"

"Si nto hilo hilo nililosema? Alikoma. Kampi yote ilikoma, hatukwenta kukata. Yaani wenzanku hawakwenta, mimi nilikuwa na mkuu wanku hospitali."

"Lakini hakufa."

"Kufa? Alipita tirishani kwanku anatempea na mikuu yake, amevaa koti lanku, mwizi mkupwa! Askari walikuwa wanakuja, na aliyekutwa na kisu mfukoni alikuwa anafunkwa. Ntiyo akaniachia."

"Akaenda wapi?"

"Walisema Mompasa." Akanitazama, na kicheko kikamtoka usoni. "Kwani ni nani kwako?"

Nilimwambia. Danieli alikaa chini barabarani, palepale penye vumbi, akashika kichwa. "Na papa yake akanikazia kisu," alisema. "Akakitia mafuta." Alikitoa akataka nikichukue. Alikiweka juu ya jiwe mbele yangu, nami nilikitazama kwa muda, lakini lori liliwaka na dereva akaniita, nikamwambia akipeleke mwenyewe, kwa mkono wake na mdomo wake. Aliniambia hataweza kumtazama yule mzee. Sijui kama alikuja kuweza. Sikumwona tena.

Njia nzima ya kupanda nilikaa juu ya magunia ya chumvi nikiwaza jinsi Che Liponda alivyokuwa anakoroma mchana. Nilijua ninabeba habari njema. Nilijirudia hivyo: ni habari njema, kijana yu hai, au alikuwa hai alipopita dirishani. Niliwakuta uani, jua bado halijatua, Che Liponda amekaa kwenye mkeka na mkewe anapepeta mbaazi. Nikasalimia, nikaeleza, nikairudia hadithi ya lori mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Che Liponda alidhani natania. Mama Bakari aliacha kupepeta. Aliweka ungo chini, akaja mpaka niliposimama, akanitazama kifuani.

"Vua shati," alisema.

Nilivua. Alilichukua akaingia nalo chumbani, na kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona akilinyoosha mabega na kulitundika kwenye msumari wake. Nilibaki uani kifua wazi. Che Liponda hakusimama. Alikuwa anaukwangua mkeka kwa ukucha, mahali pamoja tu. "Mombasa," alisema mwishowe. "Mombasa ni kubwa, Karani?" Nikamjibu kwamba nimesikia ni kubwa. "Nilikuwa nimekwisha kumzika," alisema. "Ulikuwepo. Nilikuwa nimeanza kulala." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuwa amefika nyumbani, ametua mzigo na kunawa miguu, akaambiwa hapo sipo. Kisha akainuka, akaenda kibandani, na nikasikia mivukuto ikianza kuvuma.

Visu vikarudi kuitika. Nadhani ndani ya wiki moja habari zilikuwa zimefika kwa wachongaji wote, na mzee wa mkono mmoja alikuja na kisu chake bubu kibadilishwe, akakifunga kile kipya sikioni akapiga kelele, "Huyo! Amerudi mwenyewe!" Watu walifurahi, wakasema fundi amemaliza msiba wake, mkono umepona. Wengine walileta kuku. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na nilijua, kama alivyojua mama aliyekuwa jikoni, kwamba kile walichokuwa wakikisifu na kukilipia ni masikio ya mtu anayesubiri mlangoni. Hapakuwa na ufundi mwingine. Kila kisu alikiinua, akakifunga, akasikiliza kama ndicho hicho. Na kisipofanana na kile alichokitafuta alikifungua akaanza upya. Na jikoni, "Nani?" ilirudi. "Ni mimi," alijibu Che Liponda, mara ngapi kwa siku sitaki hata kukumbuka.

Msimu wa korosho ulipokwisha niliacha kazi. Hakuna aliyenifukuza. Nilishindwa tu kulala, nikijua sasa kwamba mwenye kitanda anaweza kuingia wakati wowote. Siku ya kuondoka Che Liponda aliweka kisu kwenye kigoda, chenye mpini wa mpingo na kipande cha shaba mwishoni, ingawa mpini huo haukuwa umepasuka. Nilikiokota. "Ukifika penye watu wengi," alianza, na sikumwacha amalize. "Nitakifunga, baba," nilimwambia.

Nimekifunga. Nimekifunga Tanga na Korogwe kwenye vituo vya treni, nimekifunga Mombasa sokoni na kwenye milango ya misikiti watu wakitoka, Kilindini wakati makuli wanapumzika, Zanzibar, Morogoro, Kilwa. Wanaonijua husema sina utulivu, kwamba kila mji naondoka kabla sijaujua. Huenda ni kweli, huenda ningekuwa hivyo hata bila kisu. Wapo waliogeuka. Walikuwa watu wa Newala, mara moja mtu wa Tandahimba aliyelia machozi, juzi mwanamke wa ming'oko. Mombasa aligeuka mwanamume mmoja, mrefu wa kadiri yangu, alikuwa amebeba mkungu wa ndizi. Alisimama, akageuza uso nusu, akasubiri kama anayetazamia mlio mwingine. Nilikifungua na kukifunga tena. Alikwisha kuingia kwenye umati, na nilichoona mwisho ni ndizi zikielea juu ya vichwa vya watu. Sikuwahi kuwaandikia wazee habari hiyo. Ningeandika nini? Kwamba mtu alisimama?

Nilifika Newala asubuhi. Kibanda cha makuti kimeanguka upande mmoja, fuawe ingali pale imeota nyasi pembeni. Mama Bakari alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo sikumwona. Nilimpa pole kupitia ukutani, na sauti yake ilinijibu vizuri, ikaniuliza habari za njiani, ikasema mzee alinitaja. Msichana wa jirani aliyekuwa akimhudumia aliniletea maji na muhogo mbichi kwenye sahani. Mlango wa chumba cha pembeni ulikuwa wazi. Sikuingia, lakini kutoka nilipokaa niliuona ukuta, na shati, ambalo mistari yake ya buluu ilikuwa imepauka mpaka kuwa nyeupe kama sehemu nyingine. Nilimenya muhogo, nikala, nikatazama kibanda. Yule msichana alikuwa anafagia. Na kwa mazoea, kwa sababu nimefanya hivyo kila mahali na mkono wangu haujui tena kwamba mahali pengine ni tofauti, nikakipangusa kisu na kukifunga.

Fagio lilisimama. Ndani ya nyumba nilisikia kitanda kikilia, mtu akijiinua.

"Nani?"

Hakuna mtu aliyebaki wa kujibu "Ni mimi." Msichana alinitazama. Mlango wa ndani ulikuwa na pazia, na pazia lilikuwa limetulia, na nilijua kwamba nyuma yake mwanamke mzee asiyeona vizuri ameugeuza uso kunielekea.

"Ni karani, mama," nilisema. "Ni karani tu."

Kukawa kimya, kimya kile kile cha mwaka ule, cha urefu ule ule. Kisha kitanda kikalia tena.

"Haya," alisema. "Mpe maji zaidi, anakwenda mbali."